Mama Anapoteremka Heathrow: Mwongozo wa Safari ya London kwa Familia Zetu



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, wasomaji wetu watukufu, wiki hii twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo limekuwa la kawaida katika majumba yetu, na ambalo aghalabu hatulipi haki yake: safari ya mama kwenda kumtazama mwanawe Uingereza.

Mama mmoja wa mtaa wetu hapa Mombasa, mtu mzima, mwenye haya na adabu zake, alijaliwa mjukuu. Bintiye aliyeolewa Leicester alikuwa ameukaribia uzazi, na viza ilipatikana. Wanawe waliobaki hapa walimfungia sanduku kwa mapenzi makubwa: nyama iliyokaangwa ikakauka, samli ya nyumbani, bizari, kanga za mkunga na za mzazi, na kifurushi cha jirani kilichotiwa dakika ya mwisho. Anwani ya bintiye ilikuwa katika simu ya mwanawe wa kiume, na simu hiyo ilibaki Mombasa na mwenyewe. Alipofika mbele ya afisa wa uhamiaji katika uwanja wa Heathrow, aliulizwa anakwenda wapi. Akajibu, "Kwa binti yangu." Akaulizwa, wapi? Akasema, "Hapa hapa, Uingereza." Alikaa kitini kwa saa nyingi, huku mkwewe amesimama nje ya mlango asijue la kufanya. Nyama na samli zilitiwa jaani. Kifurushi cha jirani kilifunguliwa mbele yake, naye hakuweza kusema ndani mna nini. Alhamdulillah, hakikuwa na baya, na hatimaye aliruhusiwa kupita.

Aliporudi, tulikwenda kumpa mkono wa mjukuu. Akatueleza kisa chote, kisha akasema neno ambalo limetukaa moyoni: "Sheikh, wanangu walinifungia vyakula, hawakunifungia maneno."

Makala haya, basi, ni maneno ya kumfungia mama. Tumeyakusanya kutokana na safari zetu wenyewe na kutokana na yale tuliyoyasikia kwa jamaa zetu wanaoishi huko.

Uwanja wenyewe

Heathrow uko upande wa magharibi wa jiji la London, kiasi cha kilomita 23 kutoka katikati ya mji. Jina hilo ni la kijiji kidogo kilichokuwa hapo, ambacho nyumba zake zilibomolewa mwaka 1944 wakati wa vita ili pajengwe uwanja. Ulipofunguliwa kwa abiria wa kawaida mwaka 1946, abiria walingojea ndege zao ndani ya mahema yaliyobaki na jeshi. Leo uwanja huo una njia mbili tu za kurukia ndege, lakini mwaka 2024 walipita hapo abiria zaidi ya milioni 83. Mkitaka kuifahamu hesabu hiyo, kumbukeni kwamba sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu wote wa Kenya kuwa milioni 47 na kitu. Kwa hivyo mama asione ajabu akiona umati, wala asidhani kwamba yeye peke yake ndiye asiyejua njia. Wengi wa anaowaona wanatazama vibao kama yeye.

Majengo ya abiria, ambayo huitwa terminali, ni manne: ya 2, ya 3, ya 4 na ya 5. Ya kwanza ilifungwa mwaka 2015, na nambari zake hazikupangwa upya. Terminali ya 2 na ya 3 zimekaribiana, mtu huenda kwa miguu. Ya 4 na ya 5 ziko mbali, na hufikiwa kwa treni, ambayo kati ya terminali na terminali haina malipo. Terminali ya 5, iliyofunguliwa mwaka 2008, ina milango mingine iliyo katika majengo ya mbali, herufi B na C, na abiria hupelekwa huko kwa treni ndogo ipitayo chini ya ardhi.

Twasema haya kwa sababu kosa la terminali lilitupata sisi wenyewe. Safari yetu moja ya kurudi, tulisoma tikiti kwa haraka, tukaenda Terminali ya 5, na ndege yetu ilikuwa Terminali ya 4. Hakuna treni ya moja kwa moja baina ya mbili hizo. Yabidi mtu arudi mpaka kituo cha katikati, ashuke, angoje nyingine. Tulifika tumeloa jasho katika baridi ya Januari, na watu wa mwisho wanaingia. Kosa lilikuwa letu, si la mwengine. Tangu siku hiyo nambari ya terminali twaiandika kwa kalamu juu ya bahasha, na siku moja kabla ya safari twaiangalia tena, kwa kuwa mashirika ya ndege huhamishwa kutoka jengo moja hadi jingine.

Kuna kosa jingine linalofanana na hilo. London haina uwanja mmoja. Kuna Heathrow, Gatwick, Stansted, Luton, na vingine vidogo, na vyote huitwa vya London. Alama ya Heathrow katika tikiti na katika kitambulisho cha sanduku ni LHR. Mkwe atakayempokea mama na asome alama hiyo mwenyewe, asitosheke na kuambiwa "anashuka London".

Kabla ya kufunga sanduku

Mwenye pasipoti ya Kenya hahitaji kuambiwa kuwa Uingereza hawaingii bila viza. Lakini liko jambo linalowapita wengi. Anayekwenda Canada au Marekani na kubadilisha ndege Heathrow, hata kama hatatoka nje ya uwanja, kwa kanuni ahitaji viza ya kupita. Wako waliosamehewa, miongoni mwao wale walio na viza halali ya hizo nchi mbili, lakini kila mmoja na aulize shirika la ndege na aangalie masharti kabla ya kulipa nauli. Tumewaona watu waliorudishwa hapa hapa nyumbani, mbele ya mizani ya kupimia mizigo, na nauli ikapotea.

Pili ni saa. Tikiti huandikwa kwa hesabu ya saa ishirini na nne, wala si kwa saa zetu za Kiswahili. Ndege iliyoandikwa 18:30 huondoka saa kumi na mbili na nusu jioni. Ndege iliyoandikwa 00:15 tarehe 10 huondoka usiku ule ambao sisi twauhesabu kuwa ni wa tarehe 9 haujesha. Watu wamefika uwanjani siku moja baada ya ndege yao kwa sababu hiyo. Na saa ya London iko nyuma ya saa yetu kwa saa tatu wakati wa baridi, na kwa saa mbili wakati wa joto, kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba.

Tatu, na hili ni muhimu kwa mama zetu wenye maumivu ya magoti, kiti cha magurudumu huombwa mapema. Muarifuni wakala au shirika la ndege angalau saa 48 kabla ya safari. Huduma hiyo haina malipo, nayo haiishii mlangoni mwa ndege; mhudumu humchukua mama mpaka uhamiaji, mpaka kwenye mizigo, mpaka kwa watu wake. Mama zetu wengine huona haya, wakasema, "Mimi si kiwete." Mama, masafa ndani ya Heathrow ni marefu. Anayeweza kutembea kutoka nyumbani kwake mpaka sokoni huenda asiweze kutembea kutoka ndegeni mpaka nje baada ya kukaa usiku kucha miguu imevimba. Kukubali msaada si aibu.

Nne ni dawa. Dawa zote za kila siku zikae katika mkoba wa mkononi, ndani ya vifuko vyake vya asili, pamoja na barua ya daktari. Mwenye sukari anayetumia sindano asiitie dawa yake katika sanduku la chini kabisa.

Yasiyopita forodhani

Hapa ndipo mapenzi yetu yanapotuponza. Kutoka nchi kama yetu, sheria ya Uingereza yakataza kuingiza nyama na maziwa, na vinavyotokana navyo. Haidhuru nyama iwe mbichi au ya kukaanga, ya kuku au ya mbuzi, ya Idi au ya siku yoyote. Maziwa ya unga ya mtoto mchanga na vyakula vya dharura ya maradhi vina ruhusa yake kwa kipimo maalumu. Matunda na mboga mbichi nyingi huhitaji cheti cha afya ya mimea. Tende na bizari kavu hazina tatizo. Basi kama mwataka kumpelekea mzazi chakula cha nyumbani, mpelekeeni bizari za pilau na za mchuzi, na nyama ya halali atainunua huko, kwa kuwa Leicester, Birmingham na London kumejaa mabucha ya Waislamu.

Jambo la pili ni zito zaidi. Miraa, na muguka ni katika hiyo hiyo, ilipigwa marufuku Uingereza mwezi wa Juni 2014. Kabla ya hapo ilikuwa ikishuka Heathrow kwa ndege kutoka Nairobi kama biashara nyingine, na wako watu mpaka leo wanaodhani mambo ni yale yale. Leo hiyo ni dawa ya kulevya mbele ya sheria yao. Mama akikamatwa nayo, hata kama alipewa na mtu, hataweza kusema kwamba hakujua.

Kwa ajili hiyo twasema, na twasema kwa msisitizo: kifurushi ambacho mama hakukifungua, akakitazama na akakifunga kwa mkono wake, kisiingie katika sanduku lake. Jirani akichukia, na achukie. Amana ni jambo tukufu katika dini yetu, lakini amana ni kitu kinachojulikana. Mwenye nia safi hataona taabu kukifungua kifurushi chake mbele ya msafiri.

Tatu, mwenye pesa taslimu za thamani ya pauni 10,000 au zaidi lazima azitangaze. Baada ya kuchukua mizigo kuna njia mbili: ya kijani kwa asiye na cha kutangaza, na nyekundu kwa aliye nacho. Mwenye shaka na apite njia nyekundu aulize. Kuuliza hakumtii mtu hatiani. Kuficha ndiko kunakomtia.

Mbele ya afisa

Mama akishuka, afuate vibao vya rangi ya manjano vilivyoandikwa "Arrivals". Wanaobadilisha ndege wao hufuata vibao vya zambarau vilivyoandikwa "Flight Connections". Mfundisheni mama maneno hayo mawili kwa macho, hata kama hasomi Kiingereza, ajue sura yake kama anavyojua sura ya jina lake.

Atafika katika ukumbi wa uhamiaji. Pasipoti yetu haipiti katika milango inayojifungua yenyewe. Mama atasimama kwenye foleni ya kuonana na afisa. Huenda akatakiwa aweke vidole juu ya kioo. Mwenye nikabu ataombwa aufunue uso ili ulinganishwe na picha. Anaweza kuomba mbele ya afisa wa kike, kwa upole, kabla ya kufika zamu yake.

Maswali huwa machache: Umekuja kufanya nini? Utakaa muda gani? Utakaa kwa nani, na wapi? Nani alilipa nauli? Utarudi lini? Majibu yake yaandikwe katika karatasi moja, kwa Kiingereza, ikae ndani ya pasipoti: jina kamili la binti au mwana, anwani yote ya nyumba, nambari mbili za simu za huko, tarehe ya kurudi, na neno moja la kusema kwamba mama huyu azungumza Kiswahili. Kando yake iwekwe nakala ya barua ya mwaliko na ya tikiti ya kurudi. Mama asiyejua Kiingereza anaweza kusema neno moja tu, "Swahili", na kuwapa karatasi. Mkalimani hutafutwa, mara nyingi kwa simu.

Na aseme kweli. Viza ya matembezi humruhusu mtu kuwatembelea jamaa zake, kwa kawaida si zaidi ya miezi sita, na haimruhusu kuajiriwa kwa ujira. Mama aliyekuja kumtazama mzazi na kumpakata mjukuu na aseme hivyo hivyo: nimekuja kumzuru binti yangu amejifungua. Hapana haja ya kuongeza wala kupunguza. Wako vijana wanaowafundisha mama zao hadithi, eti aseme amekuja kutalii, au kwamba hana mtoto mwengine huko. Mama atasahau hadithi, na afisa haisahau. Zaidi ya hayo, udanganyifu katika maombi ya viza waweza kumfungia mtu mlango kwa muda wa miaka hata 10. Kabla ya sheria hiyo, sisi tuna sheria yetu juu ya uongo. Vipi tutamfundisha mama yetu, naye karibu na kaburi kuliko sisi, kusema uongo ili akamwone mjukuu?

Stara wakati wa upekuzi

Suala ambalo dada zetu hutuuliza sana ni hili: je, nitavuliwa ushungi? Upekuzi wa usalama hufanywa wakati wa kuondoka, na kwa anayebadilisha ndege. Abiria hupita katika mashine, na koti, mkanda na mara nyingine viatu huwekwa kando. Kengele ikilia, mwanamke hupekuliwa na mwanamke. Ikiwa lazima ushungi uguswe au uondolewe, ana haki ya kuomba afanyiwe hivyo katika chumba cha faragha, na wanawake watupu. Na aiombe haki hiyo kwa sauti ya kawaida, bila hasira wala hofu; wafanyakazi wengi wa Heathrow ni Waislamu, na wengine ni wanawake wenye hijabu zao.

Ushauri wetu ni wa vitendo. Siku ya safari pini za chuma zipunguzwe. Ushungi wa kuvaa bila pini ni bora. Dhahabu nzito isivaliwe. Manukato, mafuta ya nywele, asali na maji ya Zamzam yatiwe katika sanduku la chini, kwa sababu viwanja vingi bado hukataa chupa ya maji maji inayozidi mililita 100 katika mkoba wa mkononi, na hata pale ambapo kanuni imelegezwa, uwanja mwengine wa njiani huenda haukulegeza.

Swala, maji na Kibla

Kila terminali ya Heathrow ina chumba cha ibada kinachotumiwa na watu wa dini zote. Kibao chake kina picha ya mtu aliyepiga magoti. Ni chumba tulivu, na ndani yake aghalabu mna miswala na alama ya Kibla. Baadhi vina mahali pa kutilia udhu, vyengine havina. Kwa hivyo mama achukue chupa tupu ya plastiki katika mkoba wake. Chupa tupu haikatazwi, naye ataijaza maji akishapita. Itamfaa kwa kunywa, na itamfaa zaidi chooni, kwani vyoo vya huko vina karatasi tu. Mwenye kuona uzito wa kuinua miguu katika beseni mbele ya watu akumbuke ruhusa ya kupukusa juu ya khufu za ngozi, ambayo kwa msafiri ni siku tatu na usiku zake, maadamu alizivaa akiwa na udhu kamili.

Sasa Kibla. Sisi watu wa Pwani tumezoea kuelekea kaskazini. Makka iko juu yetu moja kwa moja, hata wazee wetu wa baharini waliuita upande wa kaskazini kwa jina hilo hilo la Kibla. Mama aliyeswali miaka sitini akielekea kaskazini, akifika London na akaulizia kaskazini, ataupa Msikiti Mtukufu ubavu. Kutoka London, Kibla ni upande wa kusini-mashariki. Jambo hili ni dogo kulitaja, na ni kubwa kulikosa.

Nyakati nazo hubadilika. Kwetu Magharibi haitoki katika saa kumi na mbili na kitu, mwaka mzima. London mwezi wa Disemba jua hutua kabla ya saa kumi za alasiri, na Adhuhuri, Alasiri na Magharibi hufuatana kama mawimbi. Mwezi wa Juni jua hutua baada ya saa tatu za usiku, na Isha huchelewa mno. Mama atumie ratiba ya msikiti ulio karibu na bintiye.

Ama kupunguza na kukusanya Swala, hukumu iko wazi katika madhehebu yetu ya Shafi. Anayebadilisha ndege Heathrow ni msafiri, na ana ruhusa. Aliyefika mji alionuia kukaa siku nne au zaidi, bila kuhesabu siku ya kufika na siku ya kuondoka, safari yake imekwisha, na ataswali kwa ukamilifu. Mama wa Leicester aliyekwama Heathrow bado yuko njiani. Na suala la mwanamke kusafiri bila ya maharimu lina maneno ya wanachuoni. Kila familia na imwendee sheikh wake kabla ya kukata tikiti, si baada yake.

Kuhusu chakula, shirika la ndege liombwe chakula cha Waislamu, ambacho alama yake ni MOML, angalau siku moja kabla ya safari. Ndani ya uwanja, mama aulize juu ya nyama, na akiona shaka, samaki, mayai, mboga na matunda yapo, yanatosha mpaka nyumbani.

Kutoka nje

Wanaopokea hungoja katika ukumbi wa "Arrivals" wa terminali ile ile aliyoshukia mama. Mkwe anayekuja na gari alipe maegesho ya muda mfupi, aingie ndani kumpokea. Asimpigie mama simu kwamba "toka nje utaniona".

Anayekwenda mjini peke yake ana njia kadhaa. Treni ya chini ya ardhi ya Piccadilly ni ya bei nafuu na huchukua kiasi cha saa moja. Treni ya Elizabeth, iliyofunguliwa mwaka 2022, ni ya haraka zaidi. Heathrow Express hufika kituo cha Paddington kwa dakika 15, na ndiyo ghali kuliko zote. Mabasi ya kwenda miji mingine, Leicester na Birmingham ikiwemo, yako katika kituo kilicho baina ya Terminali ya 2 na ya 3. Na mabasi ya mjini London hayapokei pesa taslimu tangu mwaka 2014. Malipo ni kwa kadi.

Neno la mwisho

Wahenga wetu walisema, msafiri maskini ajapokuwa sultani. Mama yetu ni sultani katika nyumba yake. Hapa akinena twanyamaza, akikohoa twainuka. Lakini akishavuka mlango wa ndege, huwa ni mtu mmoja katika mamilioni, hajui lugha, hajui njia, na hana mtoto mkononi. Utukufu wake huko utalindwa na yale tutakayomtilia katika bahasha na katika akili yake kabla hajatoka.

Kwa hivyo twawaomba vijana wetu jambo moja. Usiku mmoja kabla ya safari, baada ya Isha, zimeni simu, mkae na mama nusu saa. Msomeeni karatasi yake mpaka aikariri. Mfungueni sanduku, kitu kimoja kimoja, mbele yake. Mwonyesheni maneno ya vibao. Mfanyeni kama yuko mbele ya afisa, mmoja wenu aulize naye ajibu. Mtacheka, naye atacheka, na hofu itapungua. Kisha muombeni radhi, naye awaombee dua.

Yule mama wa mtaa wetu atasafiri tena mwaka huu, inshaallah, kwa kuwa bintiye ni mjamzito wa pili. Juzi alitupitia akiwa na bahasha ya kaki. Akaitoa karatasi, akatusomea anwani ya Leicester yote bila kutazama, mpaka nambari ya mtaa. Sanduku, alisema, safari hii atalifunga mwenyewe.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu wa nchi kavu, wa bahari na wa angani, awafikishe salama na awarudishe salama kwa watu wao. Amin.